"Bohemian Rhapsody" au "I Want to Break Free": Video Ipi ya Queen Uanze Nayo?

Mtu anayetaka kuijua bendi ya Queen kwa mara ya kwanza, awe mwanafunzi wa utengenezaji wa video, mwalimu anayetafuta mfano wa kuonyesha darasani au msikilizaji wa kawaida mwenye jioni moja ya mapumziko, hukutana mapema na vibao viwili ambavyo kila kimoja kina video inayozungumzwa hadi leo. Cha kwanza ni "Bohemian Rhapsody" cha mwaka 1975, na cha pili ni "I Want to Break Free" cha mwaka 1984. Wanamuziki ni walewale wanne: Freddie Mercury mwimbaji na mpiga piano, Brian May mpiga gita, Roger Taylor mpiga dramu na John Deacon mpiga besi. Hata hivyo kazi hizi zimejengwa kwa namna zinazopishana mno, kiasi kwamba anayeanza na moja huijua bendi tofauti kabisa na ile anayoijua aliyeanza na nyingine.

Nieleze msimamo wangu mapema ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea. "Bohemian Rhapsody" ni wimbo uliokamilika kabla kamera haijawashwa, na video yake, pamoja na umaarufu wake wote, inafuata nyuma ya muziki. "I Want to Break Free" ni wimbo mwepisi ambao video yake iliupa maana ambayo mtunzi hakuiandika, kisha ikaujenga mahali pengine na kuubomoa mahali pengine. Kwa hiyo napendekeza wa kwanza usikilizwe kabla ya kutazamwa, na wa pili utazamwe kabla ya kusikilizwa. Atakayekwenda kinyume cha mpangilio huo hatapata hasara kubwa, lakini atakosa jambo ambalo kila kazi inalifanya vizuri zaidi ya mwenzake.

Tuanze na masikio. "Bohemian Rhapsody" ilitolewa kama singo, yaani wimbo unaouzwa peke yake nje ya albamu, tarehe 31 Oktoba 1975, majuma matatu kabla ya albamu yake, A Night at the Opera, kuingia madukani. Mtunzi ni Freddie Mercury mwenyewe, na urefu wake ni dakika 5 na sekunde 55, muda ambao watu wa biashara ya muziki wakati ule waliuona kuwa kikwazo kwa kuwa vituo vya redio vilizoea nyimbo za dakika tatu hivi. Haina kiitikio. Inaanza kwa sauti za watu bila ala, inaingia katika wimbo wa polepole wa piano ambamo kijana anamwungamia mama yake kwamba ameua mtu, inapokewa na gita la Brian May, inageuka ghafla kuwa opera ya takriban dakika moja, inalipuka kuwa roki nzito, halafu inashuka taratibu hadi gongo, ile sahani kubwa ya chuma, linapogongwa mwishoni. Msikilizaji wa pwani atashtuka kulisikia neno "Bismillah" likirudiwarudiwa ndani ya opera hiyo pamoja na majina ya Galileo, Scaramouche na Figaro. Mercury hakuwahi kuyafafanua mashairi yake moja kwa moja, na wenzake wameuheshimu ukimya huo hata baada ya kifo chake.

Kilicho kizito zaidi ni namna sauti zile zilivyopatikana. Kazi ya kurekodi ilianza Agosti 1975 katika studio za Rockfield, shambani karibu na mji wa Monmouth huko Wales, chini ya prodyuza Roy Thomas Baker, kisha ikaendelea katika studio nyingine kadhaa. Sehemu ya opera peke yake ilichukua kama majuma matatu. Kwaya kubwa inayosikika pale haikuwepo: ni sauti za watu watatu tu, Mercury, May na Taylor, waliokuwa wakiimba kipande kimoja kimoja kwa saa nyingi kila siku. Kanda iliyotumika ilikuwa na njia 24 za sauti, na njia 24 hazitoshi kubeba kwaya. Kwa hiyo waliimba sauti chache, wakazichanganya na kuzihamishia kwenye njia moja, wakaziachia huru zile njia za mwanzo na kuimba tena juu yake, wakarudia hivyo mara nyingi. Kila mara kanda inapopita kwenye mashine huchakaa kidogo, na Brian May amesimulia kwamba mwishowe kanda ile ilikwanguka hadi ukiinua dhidi ya mwanga unaona upande wa pili. Ndiyo maana nasisitiza wimbo huu usikilizwe kwa hedifoni kabla ya kuangaliwa: sauti zinaruka kutoka sikio la kushoto kwenda la kulia, nyembamba ya Taylor ikiwa juu kabisa na nzito ya May ikiwa chini, na spika ndogo ya simu hulipoteza jambo hilo lote.

"I Want to Break Free" haidai umakini wa namna hiyo. Aliyeitunga ni John Deacon, mtu mkimya kuliko wote katika bendi, ambaye miaka minne kabla alikuwa ameandika "Another One Bites the Dust". Wimbo unatoka katika albamu The Works ya Februari 1984, na ulitolewa kama singo Aprili mwaka huohuo. Nao pia hauna kiitikio, jambo ambalo wengi hawalitambui kwa sababu maneno ya jina lake yanafungua ubeti na kukaa kichwani mara moja. Mwendo wake ni wa taratibu na wazi, besi inatembea hatua zilezile, na sauti ya Mercury inasimama mbele bila kurundikiwa nyingine. Solo ya katikati, ambayo wasikilizaji wengi huidhania kuwa gita la May, ilipigwa kwa sinthesaiza, kinanda cha umeme, na mwanamuziki mgeni, Fred Mandel. Maneno yake ni ya mtu anayetaka kujikwamua kutoka katika uongo wa mapenzi, kisha anajikuta amependa tena na hajui ataishije peke yake. Ukisikia sauti peke yake bila picha, ni wimbo mzuri wa mapenzi, lakini mtu hawezi kuusikiliza kwa saa nzima akigundua kitu kipya kila mara kama anavyoweza kwa ule wa kwanza. Kwa upande wa masikio, basi, sioni ushindani.

Upande wa macho mambo yanabadilika, na hapa ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu.

Video ya "Bohemian Rhapsody" ilizaliwa kutokana na shida. Kipindi cha Top of the Pops cha BBC kilikuwa ndicho lango la mauzo nchini Uingereza, na desturi yake ilikuwa wasanii kufika studio na kuchezesha midomo huku kanda ikipigwa. Msanii asipofika, kikundi cha wachezaji densi kiliucheza wimbo wake. Queen walikuwa wanakaribia kuanza ziara, na zaidi ya hapo opera yao haikuwezekana kuigizwa na watu wanne waliosimama na magita bila kuonekana kichekesho. Hata katika maonyesho yao ya jukwaani kwa miaka iliyofuata walilazimika kuondoka jukwaani wakati wa opera, kanda ikapigwa, kisha wakarudi kwa kishindo roki nzito inapoanza. Walipopanda jukwaa la tamasha la hisani la Live Aid tarehe 13 Julai 1985, walipiga ile sehemu ya piano na kuishia kwenye solo ya gita bila kuigusa opera.

Kwa hiyo tarehe 10 Novemba 1975, katika studio za Elstree walikokuwa wakifanyia mazoezi, mwongozaji Bruce Gowers aliwapiga picha kwa kamera za runinga na kanda ya video badala ya filamu. Kazi ilimalizika ndani ya saa zipatazo nne, ikahaririwa haraka, na gharama zake zilikuwa karibu pauni 4,500. Tarehe 20 ya mwezi huohuo ilikwishaonyeshwa kwenye Top of the Pops. Si kweli kwamba hii ndiyo video ya kwanza ya muziki, kama inavyodaiwa mara kwa mara. The Beatles walikwishatengeneza filamu fupi za kutangaza nyimbo zao mwaka 1966, na wengine pia. Lililo kweli ni kwamba baada ya mafanikio yake, kampuni za kurekodi ziliona kwamba video inaweza kuwa sehemu ya kuutoa wimbo sokoni, na hilo lilikuwa miaka sita kabla ya MTV, kituo cha runinga cha muziki cha Marekani, kuanza kurusha matangazo Agosti 1981.

Itazame kwa ukaribu dakika ya kwanza. Giza tupu, na ndani yake nyuso nne zilizopangwa kwa umbo la almasi, Mercury akiwa chini mbele. Mwanga unawaangukia kutoka juu, kiasi kwamba mashavu na pua vinang'aa na macho yanazama kivulini. Mpangilio huo haukubuniwa siku ile. Umetoka katika jalada la albamu yao Queen II ya mwaka 1974, lililopigwa picha na Mick Rock, naye alikuwa ameongozwa na picha ya mwigizaji Marlene Dietrich kutoka filamu ya miaka ya 1930. John Deacon yumo pia miongoni mwa nyuso hizo, ingawa hayumo katika zile sauti tatu zilizojenga kwaya. Piano inapoingia, giza linayeyuka na kuwa jukwaa la kawaida, Mercury akiwa na mavazi meupe, na kusema kweli kuanzia hapo hadi opera video inakuwa picha za bendi ikipiga ala. Ni sehemu ya dakika mbili hivi ambayo jicho halina kazi kubwa ya kufanya.

Kisha opera inaanza, na Gowers anatumia mbinu mbili ambazo kijana yeyote mwenye kamera anaweza kuzielewa leo. Ya kwanza ni lenzi yenye pande nyingi iliyowekwa mbele ya kamera, inayougawa uso mmoja kuwa nyuso kadhaa zinazouzunguka. Ya pili ni kuielekeza kamera kwenye runinga inayoonyesha kile ambacho kamera hiyohiyo inakiona, hivyo picha inajirudia ndani ya picha, na uso wa Mercury unaacha mkia mrefu wa nyuso zinazopungua kadiri sauti yake inavyorudiwa kwa mwangwi. Athari hizo zilitokea palepale kamera ilipokuwa ikizunguka. Wazo lenyewe ni la moja kwa moja: sauti zikirundikana, nyuso zinarundikana, mwangwi ukisikika, mwangwi unaonekana. Ninapoiita video hii mfuasi wa muziki sikusudii kuidharau, kwa kuwa kuna ustadi mkubwa katika kufuata vizuri. Ila ni kweli kwamba mtu akiutoa muziki na kubaki na picha peke yake, hakuna hadithi inayosimuliwa.

Video ya "I Want to Break Free" inasimulia hadithi, na inaisimulia kabla mtu hajaimba. Tunaona mapaa ya nyumba za matofali zilizobanana za mitaa ya wafanyakazi wa kaskazini mwa Uingereza. Ndani ya mojawapo, mashine ya chai yenye saa inamwamsha Brian May, aliyevaa gauni la kulalia na nywele zake zikiwa zimefungwa kwa rola. Sebuleni John Deacon ni bibi mzee mwenye kofia, mkali, akisoma gazeti. Roger Taylor ni msichana wa shule mwenye sare na nywele ndefu za dhahabu, na anaaminika hivi kwamba mtazamaji mgeni huchukua muda kumtambua. Na hapo anaingia Freddie Mercury akisukuma mashine ya kufyonza vumbi, akiwa na wigi jeusi, hereni, sketi fupi ya ngozi nyeusi, blauzi ya waridi isiyo na mikono, na masharubu yake yote yakiwa mahali pake.

Masharubu hayo ndiyo kiini cha kichekesho. Hakuna anayejaribu kumdanganya mtazamaji kwamba huyu ni mwanamke. Kila mtu anajua, na Mercury anafagia kwa umakini kamili kama mama wa nyumbani ambaye leo amechoka na kazi za kila siku. Waigizaji walikuwa wakikejeli kwa upendo Coronation Street, tamthilia ya runinga iliyoanza mwaka 1960 na ambayo karibu kila nyumba Uingereza iliijua. Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuijua tamthilia hiyo ili aelewe mchezo, kwa sababu mwanamume anayeigiza mama au bibi ni jambo lililozoeleka katika vichekesho vya runinga vya kwetu, kama anavyojua yeyote aliyemtazama Joti wa Orijino Komedi. Wazo halikutoka kwa Mercury, ingawa lawama zote zilimwangukia yeye. Lilitoka upande wa Roger Taylor, kwa pendekezo la mwenzi wake wa wakati ule, na mwongozaji David Mallet, ambaye tayari alikuwa amewatengenezea video ya "Radio Ga Ga" kutoka albamu hiyohiyo, akalitekeleza.

Baada ya sebule, Mercury anafungua mlango wa stoo na kuingia gizani, na tunajikuta katika ukumbi wenye umati wa watu waliovaa kofia zenye taa kama wachimba migodi. Sehemu hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Imepigwa vizuri lakini haielezi kwa nini tumepelekwa pale. Inayofuata, hata hivyo, ni sehemu ambayo ningependa watu waiangalie kwa makini zaidi kuliko wanavyofanya. Wakati wa ile solo ya sinthesaiza, Mercury anatokea kama kiumbe wa hadithi za Kigiriki, nusu mtu nusu mbuzi, akicheza na wachezaji wa Royal Ballet. Ni heshima kwa mchezaji Vaslav Nijinsky na baleti yake ya mwaka 1912 iliyochezwa kwa muziki wa Debussy, na Mercury aliyanyoa masharubu yake kwa ajili ya sehemu hiyo. Aliyeipanga miondoko ni Wayne Eagling, ambaye alikuwa amefanya kazi naye tangu Oktoba 1979, Mercury alipocheza jukwaani na Royal Ballet katika onyesho la hisani London. Mtu aliyekuwa akifagia sebule dakika mbili zilizopita sasa anapitishwa juu ya miili ya wachezaji. Hapo maneno ya kutaka kuwa huru yanapata maana pana kuliko mapenzi yaliyovunjika, na maana hiyo imeletwa na picha peke yake.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa ninayotaka mchaguzi aione. Mwaka 1975 video iliuliza: sauti hii ingeonekanaje? Mwaka 1984 video iliuliza: ni nani anayeyasema maneno haya? Ikajibu kwamba ni mama aliyechoka na kazi za nyumbani, na kwa jibu hilo wimbo wa Deacon ukawa wa watu wengi ambao hawakuwa wamefikiriwa na mtunzi.

Lakini maana inayoletwa na picha inaweza pia kumgeuka aliyeileta. Uingereza ilicheka, na wimbo ukafika nafasi ya 3. Austria, Ubelgiji na Uholanzi ulishika nafasi ya kwanza. Marekani, ambako Coronation Street haikujulikana, watazamaji waliona wanaume waliovaa sketi bila kujua wanakejeli nini, MTV haikuwa tayari kuirusha, na wimbo ukaishia nafasi ya 45, ilhali "Radio Ga Ga" ilikuwa imefika nafasi ya 16 miezi michache kabla. Brian May ameeleza mara nyingi kwamba video hiyo iliwaharibia Marekani. Naamini ilichangia, ingawa umaarufu wao kule ulikuwa umeanza kushuka kabla, na ziara yao ya mwisho nchini humo wakiwa na Mercury ilikuwa ya mwaka 1982. Januari 1985, kwenye tamasha la Rock in Rio nchini Brazil, Mercury alipanda jukwaani kuuimba wimbo huu akiwa na wigi na matiti ya bandia, na baadhi ya watu wakakasirika na kurusha vitu jukwaani. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba Amerika ya Kusini wimbo ulikuwa umepokelewa kama sauti ya watu wanaodai uhuru, na mashabiki hawakutaka ufanyiwe mzaha. Kwao maneno yalikuwa na uzito kuliko picha. Kwa Waingereza picha ilikuwa tayari imeyashinda maneno.

"Bohemian Rhapsody" haikupata misukosuko ya namna hiyo. Ilikaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa majuma tisa kuanzia mwishoni mwa Novemba 1975, na baada ya kifo cha Mercury tarehe 24 Novemba 1991 ikarudi nafasi hiyo kwa majuma matano. Marekani ilifika nafasi ya 9 mwaka 1976, kisha ikapanda hadi ya 2 mwaka 1992, safari hii ikisukumwa na filamu ya vichekesho, Wayne's World, ambamo vijana wanaiimba ndani ya gari. Mwaka 2019 video yake ilivuka mara bilioni moja za kutazamwa kwenye YouTube, ikiwa ya zamani kuliko zote zilizokuwa zimefika hapo. Picha ambayo haijifungi kwenye kejeli za nchi moja husafiri kirahisi.

Sasa turudi kwa mwenye kuchagua, kwa sababu jibu linategemea anachokitafuta.

Kijana anayejifunza kutengeneza video akiwa na simu, taa moja na bajeti ndogo aanze na "Bohemian Rhapsody", tena aisome fremu kwa fremu. Pale kuna mafunzo ya moja kwa moja: chanzo kimoja cha mwanga kilichowekwa mahali sahihi kinafanya kazi kubwa kuliko mandhari ya gharama; jalada ambalo mashabiki tayari wanalijua linaweza kuwa mwanzo wa picha; na athari inayotengenezwa mbele ya kamera haina haja ya kompyuta. Ajaribu mwenyewe kuielekeza kamera kwenye runinga iliyounganishwa nayo, ataona mkia ule wa nyuso ukitokea mbele yake. Asichopaswa kuiga ni ile sehemu ya kati ya bendi kupiga ala, ambayo ilitosha mwaka 1975 kwa sababu watu walikuwa na hamu ya kuwaona wapigaji, na haitoshi leo.

Kwa yule ambaye tayari ana vifaa na kinachomkwamisha ni hadithi, "I Want to Break Free" ndiyo yenye somo, hasa katika namna inavyompa kila mwanabendi mhusika anayemfaa. Deacon mkimya ni bibi asiyecheka, May mrefu ni mtu wa usingizi, Taylor mwenye sura ya kitoto ni mwanafunzi. Video nyingi za bendi, hata za kwetu, humtukuza mwimbaji na kuwaacha wapiga ala kama samani. Hapa kila mtu ana kazi, na mtunzi halisi wa wimbo ameketi kwenye kiti na gazeti lake.

Mwalimu anayetaka kuonyesha darasani azitazame zote mbili peke yake kwanza. Ya 1975 haina picha yoyote ya kumtia mashaka mzazi, ingawa mashairi yake yanahusu mauaji na mtu anayesubiri hukumu. Ya 1984 ina sketi fupi na baleti yenye mavazi ya kubana, na inaweza kuzua maswali kuhusu wanaume waliovaa kike ambayo mwalimu ni bora awe amejiandaa kuyajibu kwa kueleza ile tamthilia iliyokuwa ikikejeliwa. Kwa darasa la sekondari kubwa au chuo, ningeichagua bila kusita, kwa kuwa mjadala wa jinsi nchi mbili zinavyoielewa picha moja kwa namna tofauti una faida kuliko mjadala wa lenzi.

Mpenzi wa muziki ambaye anatoka katika taarabu au kwaya za kanisani, na ambaye roki humchosha kwa kelele, huvutwa kirahisi zaidi na "Bohemian Rhapsody", kwa sababu masikio yake tayari yanajua kufuatilia sauti nyingi zinazojibizana na wimbo mrefu usioharakisha. Mpenzi wa bongo fleva au wa dansi atashikwa mapema na ule wa Deacon, wenye mdundo wa kutikisa kichwa na maneno ya kuimba pamoja mara ya pili tu anapousikia.

Wapo pia wanaofika kwa Queen kupitia Zanzibar. Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Kiparsi. Alisomea India katika shule ya bweni ya Panchgani, na familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Tangu mwaka 2019 pana makumbusho yake Shangani, na wageni hufika pale wakiwa na "Bohemian Rhapsody" vichwani. Kwa anayejiandaa kwa ziara hiyo, nami ningeanza na wimbo huo, kwa kuwa ndio aliouandika mwenyewe. Ule mwingine unamwonyesha vizuri kama mwigizaji, lakini maneno si yake, na wasimuliaji wanaoutumia kueleza maisha yake ya ndani wanasahau kwamba aliyeandika ni mpiga besi.

Yapo mambo mawili ya kuangalia wakati wa kutafuta. Kwa "Bohemian Rhapsody", lipo toleo la mwaka 1992 lililochanganywa na vipande vya Wayne's World. Liache hadi utakapokuwa umeona la asili, la kwenye chaneli rasmi ya bendi. Picha zake zitaonekana laini kwenye runinga kubwa ya kisasa, kwa kuwa zilirekodiwa kwenye kanda ya video ya wakati ule, kwa hiyo usidhani umepata nakala mbovu. Kwa "I Want to Break Free", jua kwamba wimbo wa kwenye albamu ni mfupi kuliko wa singo kwa takriban dakika moja. Aliyeipenda video kisha akafungua albamu atahisi kitu kimepungua, naye atakuwa sahihi. Autafute wa singo.

Na kama jioni yako ina dakika tano tu, uchaguzi umekwisha: tazama "I Want to Break Free". "Bohemian Rhapsody" haiingii katika dakika tano, na haifai kukatizwa kabla Taylor hajaligonga gongo.